Kupima Mtu Kama Tunavyopima Pamba
Maneno yaliyosemwa na Mjumbe wa Kamati ya Ajira mbele ya Mkutano wa Kutimiza Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza historia ya Chama chetu, hesabu zake na majengo yake, nami sina haja ya kurudia yaliyosemwa vizuri. Mimi nimeagizwa kusema juu ya watumishi, na hasa watumishi wa ufundi: ni nani tumpe funguo za kinu, ni nani tumkabidhi daftari la hesabu, na tutajuaje kwamba anayoyasema juu ya nafsi yake ni ya kweli.

Jambo hili si dogo wala si la baadaye. Kabla ya msimu ujao wa ununuzi kufunguliwa, Chama kinakusudia kuajiri fundi mkuu wa kinu, fundi wa umeme, mhasibu, na makarani wa mizani. Maombi yameanza kufika. Nami nawaambieni waziwazi kwamba mtu akizisoma barua zile zote na kuzisadiki, atadhani kwamba kutoka Shinyanga mpaka Geita hakuna kijana asiyekuwa bingwa. Kila mmoja ameandika kwamba anajua mitambo ya kila namna, umeme wa kila namna, na programu zote za hesabu katika kompyuta. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata chema chajitembeza, maana kikikaa kimya hakionekani. Ndiyo sababu kazi yetu imekuwa ngumu.

Ndugu Wanachama, yatupasa kwanza kukumbuka kwamba ushirika wa pamba katika nchi hii ya Usukuma na kandokando ya Ziwa ulizaliwa katika ugomvi wa kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyetaja uzito. Wakulima hawakuridhika. Wakaweka watu wao wa kupima, kisha wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Bwana Paul Bomani. Wazee hao hawakusema kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Walisema tu kwamba neno la mtu juu ya uzito halitoshi mpaka mizani iseme. Basi nami leo sina hoja mpya. Naomba kanuni ile ile waliyoitumia wazee juu ya gunia la pamba tuitumie juu ya mtu anayeomba kazi.

Yatupasa pia kukumbuka kilichowapata wazee hao baada ya ushindi wao. Vyama vilikua upesi kuliko idadi ya watu wenye ujuzi wa kuviendesha. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja zilikuwamo hizi: wanachama kutojua vyema mambo ya vyama vyao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi ufaao, na siasa kuingia katika kazi. Mwaka 1968 ikawekwa Tume ya pamoja ya utumishi wa vyama vya ushirika, ili ajira isiwe jambo la kupeana jioni barazani. Walakini mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na havikurudishwa na sheria mpaka mwaka 1982. Sisemi kwamba vilivunjwa kwa sababu ya mafundi wabovu peke yake. Nasema kwamba chama kisichokuwa na watu wanaojua kazi hakina cha kujitetea siku ya hukumu.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, naomba nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kughushi, na la pili ni kutia chumvi.

Kughushi ni kuleta cheti kisichokuwa chako, au kisichotoka mahali kilipoandikwa kwamba kimetoka. Hilo ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, na nchi yetu imelishughulikia mbele ya macho ya watu wote. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli, mwana wa Chato katika Mkoa huu wa Geita, alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengi wetu tunamfahamu mmoja au wawili miongoni mwao: waliokuwa wakituandikia, wakitufundishia watoto, wakitutibu. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Mwaka 2022 Serikali ikaamua warudishiwe michango waliyoikata wenyewe katika mifuko ya hifadhi ya jamii, na wengi waliona kwamba hiyo ilikuwa huruma ya haki.

Uhakiki ule ulikuwa na faida kubwa, kwa kuwa ulitufundisha kwamba cheti huulizwa kwa aliyekitoa, si kwa aliyekileta. Cheti cha kidato cha nne huulizwa Baraza la Mitihani la Taifa. Cheti cha ufundi huulizwa mamlaka iliyokitoa. Na shahada iliyotoka nje huulizwa Tume ya Vyuo Vikuu. Lakini tazameni: uhakiki huo wajibu swali moja tu, yaani, karatasi hii ni ya kweli au si ya kweli? Hauwezi kujibu swali la pili, ambalo ndilo linalomhusu mkulima: mtu huyu aweza kuifanya kazi, au hawezi?

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Mwenye kutia chumvi haghushi kitu. Cheti chake ni chake, na mahali alipofanya kazi alifanya kweli. Ila maneno ameyapa uzito usiokuwa wao. Nitatoa mfano kutoka katika nchi yetu hii ya dhahabu. Tangu mgodi mpya wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, ukafuatwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, maelfu ya vijana wetu wamepita katika migodi, ama kwa kuajiriwa na migodi yenyewe, ama na makandarasi wake. Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, wengi walirudi mitaani Kahama na vijiji vya jirani wakitafuta kazi nyingine. Basi yule aliyefungua na kufunga mtambo mkubwa kwa mikono yake huandika: “Nilifanya kazi karakana ya mgodi miaka mitano.” Na yule aliyefagia karakana hiyo hiyo huandika: “Nilifanya kazi karakana ya mgodi miaka mitano.” Wote wawili wamesema kweli. Hapana hakimu awezaye kumtia hatiani hata mmoja. Lakini ukimkabidhi kinu yule wa pili, umekwisha.

Yako maneno ambayo nimejifunza kuyaangalia sana ninaposoma karatasi za wasifu. “Nilishiriki” ni neno la kwanza. “Nina ufahamu wa” ni la pili. “Nilisimamia” ni la tatu. Mtu alishiriki vipi? Alishika spana, au alishika tochi amulikie mwenye spana? Alisimamia watu wangapi, na nani alimsimamia yeye? Maneno haya si ya uongo. Ni kama gunia lililofungwa mdomo: laweza kuwa na pamba, laweza kuwa na mchanga. Hulijui mpaka ulifungue.

Tena watu wasifikiri kwamba haya ni ya maskini peke yao. Mwaka 2012 huko Marekani, mkuu wa kampuni kubwa ya Yahoo, Bwana Scott Thompson, aliacha kazi baada ya miezi michache tu, kwa kuwa wasifu wake ulisema amesomea uhasibu na sayansi ya kompyuta, kumbe alikuwa amesomea uhasibu peke yake. Mtu mwenye mshahara wa kutosha nchi nzima alitia chumvi neno moja, na neno hilo likamwangusha.

Na katika dhahabu kwenyewe liko tukio ambalo kila mchimbaji angefaa kulijua. Kampuni moja ya Kanada iliyoitwa Bre-X ilitangaza katika miaka ya 1990 kwamba imegundua dhahabu nyingi mno mahali paitwapo Busang, katika kisiwa cha Borneo, Indonesia. Hisa zake zikapanda, watu wakatajirika katika karatasi. Mwaka 1997 wachunguzi wengine walichoronga mashimo yao wenyewe karibu na yale ya kwanza, nao hawakukuta dhahabu ya maana. Ikabainika kwamba sampuli za mwanzo zilikuwa zimechanganywa na chembe za dhahabu zilizotoka kwingine. Kampuni ikaanguka, na fedha za watu wengi zikapotea. Wachimbaji wa Kizungu hukuita kufanya hivyo kutia chumvi mgodi, kama vile sisi tusemavyo kutia chumvi maneno. Nalo jambo lililouvunja uongo ule lilikuwa jepesi kabisa. Aliyetaka kununua alichoronga shimo lake mwenyewe, asiridhike na sampuli aliyoletewa na muuzaji.

Ndugu Wanachama, wasifu wa mwombaji ni sampuli iliyoletwa na muuzaji. Usaili wa maneno matupu mezani ni kuitazama sampuli ile ile mara ya pili. Kuchoronga shimo letu wenyewe ni kumpa mtu kazi mbele ya macho yetu na kutazama mikono yake.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kosa la fundi halikai karakanani. Humfuata mkulima mpaka nyumbani. Ninyi mwajua kwamba pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takriban thuluthi moja ya nyuzi, na inayobaki karibu yote ni mbegu. Kisu cha mashine kikikaa vibaya juu ya rola, nyuzi nyingine hubaki juu ya mbegu, mbegu nyingine hukatwa na vipande vyake kuingia katika nyuzi, na rola hupata moto na kuisha upesi. Tufanye hesabu ndogo. Kinu kikichambua tani 5,000 za pamba mbegu, na kwa ufundi mbaya tukapoteza kilo 2 tu za nyuzi katika kila kilo 100, tumepoteza tani 100 za nyuzi. Tukilihesabu robota moja kuwa kilo 200, hayo ni marobota 500. Hakuna mwizi aliyeingia usiku. Mlinzi alikuwa macho. Marobota 500 yameondoka kwa sababu ya kisu kilichokaa vibaya na fundi aliyeandika kwamba ana uzoefu wa miaka kumi.

Na moto je? Kila aliyefanya kazi kinuni ajua kwamba kijiwe kidogo au msumari ukiingia katika mashine waweza kutoa cheche, na cheche ikaingia katika nyuzi. Fundi wa kweli husimamisha mashine, tena hulitenga robota analolishuku, asiliingize ghalani, maana moto waweza kujificha ndani ya robota siku kadhaa kabla ya kuonekana. Asiyejua humwaga maji juu yake, akaridhika, akalipanga pamoja na mengine. Swali hilo moja, “Ukiona cheche katika nyuzi utafanya nini kwanza, na lile robota utaliweka wapi?” laonyesha zaidi kuliko kurasa nne za wasifu.

Naomba sasa nieleze tukio moja nililolishuhudia, nami sitaitaja ofisi yenyewe. Niliitwa kuwa mmoja wa wasaili katika ofisi moja ya kanda hii iliyotaka fundi wa pampu na injini. Walikuja watu wengi, lakini nitawataja wawili. Wa kwanza alikuwa na cheti cha kweli, na wasifu wake ulisema kwamba ni mtaalamu wa injini za dizeli, uchomeleaji, umeme na mitambo ya mafuta yenye mgandamizo. Mezani alijibu vizuri kuliko wote. Wa pili alimaliza darasa la saba tu. Ujuzi wake aliupata kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, kusaga mawe usiku na mchana, na kuvuta maji katika maduara. Cheti hakuwa nacho.

Mzee mmoja katika wasaili akasema, “Twendeni nje.” Nyuma ya ofisi palikuwa na pampu iliyokuwa ikipiga kelele. Kijana wa kwanza aliizunguka, akaomba mwongozo wake, akauliza kama ipo nyingine. Kijana wa pili aliomba iwashwe, akaweka ncha ya bisibisi juu ya kasha la beringi na mpini wake sikioni, akasikiliza upande huu na upande ule, kisha akasema, “Beringi ya upande wa mota imekwisha, na mkanda umekazwa kupita kiasi, ndio ulioiua.” Ikafunguliwa, ikakutwa hivyo.

Yule mzee akamgeukia kijana wa kwanza kwa upole, akamwuliza, “Mwanangu, kwa nini uliandika kwamba wewe ni mtaalamu?” Kijana akainama, akajibu, “Mzee, mimi nilikuwa msaidizi. Lakini tangazo lenu lilitaka uzoefu wa miaka mitano. Ningeandika ukweli, msingeniita.” Hapana aliyekuwa na la kumjibu. Na mwisho wake, Bwana Mwenyekiti, ni huu: wa kwanza hakuchukuliwa kwa kuwa hakuweza kazi, wa pili hakuchukuliwa kwa kuwa hakuwa na cheti, na kazi ikatangazwa upya kwa maneno yale yale. Pampu nayo ikabaki kama ilivyokuwa.

Nimelieleza tukio hili kwa kuwa lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba tangazo lililotiwa chumvi huleta maombi yaliyotiwa chumvi. Tukitaka kijana wa kupaka mafuta na kufagia nyuzi, kisha tukaandika “stashahada, uzoefu wa miaka mitano, awe na ujuzi wa kompyuta”, tunawafukuza wakweli na kuwakaribisha wajasiri wa maneno. La pili ni kwamba katika nchi hii, kuanzia Nyarugusu hadi Kahama, uko ujuzi mwingi usiokuwa na karatasi. Mtu aliyeweka matimba ndani ya duara lisiporomoke amejifunza kwa roho yake. Kumwambia kwamba hajui kitu kwa kuwa hana cheti ni uongo kama ule wa mwenye cheti asiyejua kitu.

Wazee wetu wanakumbuka majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtu alipewa chuma, tupa na kipimo, akaambiwa tengeneza hiki, na saa ikatazamwa. Mwalimu hakuuliza, “Umeandika nini?” Aliuliza, “Umetengeneza nini?” Hii leo VETA inao utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunza kazini: mtu hupimwa, huongezewa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti cha halali. Njia hiyo ipo, nasi tungefaa kuitumia.

Walakini wasije wengine wakanifahamu vibaya, wakadhani nasema vyeti havina kazi. Ziko kazi ambazo sheria imeziwekea mlango, na mlango huo haupiti kwa kusikiliza beringi. Anayefunga mifumo ya umeme apaswa kuwa na leseni ya EWURA. Anayejiita mhandisi apaswa kuwa katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhasibu ana bodi yake, NBAA. Mwenye kulipua baruti ana kibali chake. Hapo leseni huja kwanza, na jaribio hufuata. Hakuna moja linaloweza kushika mahali pa mwenzake.

Ndugu zangu, sasa nitasema neno ambalo halitawapendeza wote, nami naomba mniwie radhi. Tunamlaumu kijana aliyetia maji wasifu wake. Je, sisi wakulima hatujapata kusikia habari ya pamba iliyotiwa maji usiku wa kuamkia siku ya mizani? Hatujasikia habari ya mchanga, na ya chumvi yenyewe, iliyotiwa katika gunia ili izidi uzito? Twajua matokeo yake. Pamba safi na pamba fifi zikachanganyika, mnunuzi akashusha bei kwa wote, na mkulima mwaminifu akalipia kosa la jirani yake. Ndivyo ilivyo katika ajira. Wenye kutia chumvi wakizidi, hata mwenye kusema kweli haaminiki tena, naye hulazimika kutia chumvi ili alingane na wenzake.

Na sisi viongozi tunayo chumvi yetu. Ni zile barua za kusifu. Kiongozi huandika, “Namfahamu kijana huyu kuwa ni hodari na mwaminifu,” hali anamfahamu kwa kuwa ni mtoto wa shemeji yake. Barua ya namna hiyo ni nzito kuliko wasifu wowote, maana wasaili huogopa kuipima. Ikiwa twataka vijana waache kutia chumvi, na tuanze sisi kuacha.

Baada ya kusema hayo, Kamati yetu inaleta mbele ya Mkutano huu mapendekezo matano, ili yajadiliwe na yapigiwe kura katika Mkutano Mkuu.

Kwanza, tangazo la kazi litaje kazi yenyewe itakayofanywa, siku kwa siku, na sifa zinazohitajika kwa kazi hiyo tu, zisizidi.

Pili, kila cheti na kila leseni ziulizwe kwa aliyezitoa kabla ya mtu kuanza kazi. Atakayekutwa ameghushi, habari yake ipelekwe kwa vyombo vya sheria, awe mtoto wa nani.

Tatu, kila mwombaji wa kazi ya ufundi apewe jaribio la kazi. Fundi wa kinu apewe mashine iliyofunguliwa aifunge na kuirekebisha. Mhasibu apewe hati 20 za malipo na mapokezi, pamoja na nusu siku, atutolee hesabu iliyosawazishwa. Na akisema anajua kuingiza habari katika MUVU, ule mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, aketi mbele ya kompyuta tumwone. Karani wa mizani apewe magunia kumi ambayo uzito wake unajulikana, na mawili kati yake yawe na unyevu, tuone kama atayatambua. Jaribio la kila kazi liwe moja kwa wote, na alama ziandikwe siku ile ile.

Nne, kwa kazi ambazo sheria haidai leseni, asiyekuwa na cheti aruhusiwe kuingia katika jaribio. Akishinda, aajiriwe kwa daraja lake, na Chama kimsaidie kupimwa na VETA katika mwaka wake wa kwanza.

Tano, mjumbe yeyote aliyemwandikia mwombaji barua ya kumsifu, au aliye ndugu yake, asiketi katika usaili huo, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari.

Juu ya kipindi cha majaribio, Bwana Mwenyekiti, sheria za kazi zetu zimetoa nafasi ya kutosha: kanuni za mwaka 2007 zataka kipindi hicho kisizidi mwaka mmoja. Lakini kisiwe kipindi cha kusahauliana. Msimamizi na aandike kila mwezi mtu alichofanya na asichoweza, amwite, amwambie, amfundishe. Mtu asishtukizwe siku ya mwisho kwa makosa ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Najua wako watakaosema kwamba mambo haya yatachukua siku na fedha, na msimu hautungojei. Ni kweli. Jaribio la siku moja lina gharama ya siku moja. Lakini mwatambua ninyi wenyewe gharama ya kinu kilichosimama katikati ya msimu: pamba imejaa ghalani, magari yamepanga foleni, na mkulima aliyekopa dawa na ada ya shule arudi nyumbani na stakabadhi bila fedha. Siku hiyo hakuna atakayeuliza juu ya wasifu. Watauliza ni nani aliyemwajiri fundi, na jibu litakuwa ni sisi.

Wako pia watakaosema kwamba tunawaonea vijana wenye shida. Nami nadhani tunawaondolea mzigo. Kijana akijua kwamba atapimwa kwa mikono yake, hana faida tena ya kuongeza maneno, na yule msaidizi aweza kuandika bila aibu kwamba alikuwa msaidizi na anataka kujifunza. Mtu wa namna hiyo tunamhitaji sana, maana fundi mkuu wa miaka kumi ijayo ni msaidizi wa leo. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tuwape vijana wetu nafasi ya kuonyesha uungwana wao.

Ndugu Wanachama, nyaraka za mapendekezo haya zimekwisha kutayarishwa, na kila Katibu wa Chama cha Msingi atapewa nakala kabla ya kuondoka hapa leo. Nawaombeni mzisome vijijini kwenu, mzijadili na wakulima, na mrudi katika Mkutano Mkuu mkiwa na neno lao. Mkizikubali, usaili wa mwezi ujao utafanyika kinuni, si ofisini, na mwanachama yeyote atakayependa kuja kutazama atakaribishwa.

Mungu abariki mashamba yetu, na udumu ushirika wetu.